Ya Muda Tu

Jumamosi, 7 Juni

Nimeshinda tena. Shindano la Jumamosi la ofisi, la kuandika programu — maswali matano, mashine ndiyo hakimu, mwenye kumaliza mengi ndiye bingwa. Nimemaliza yote Shemeji akiwa bado anahangaika na la tatu. Kwa lugha yangu ile ile ya kompyuta, C++. Nikakaa zangu nakunywa chai, natazama watu wazima wanatoka jasho mbele ya kioo.

Shemeji anaandika kwa Python. Swali la nne halikumshinda kwa kutojua. Njia alikuwa nayo, nimeiona kwa macho yangu. Ila lugha yake ilijikokota mpaka mashine ikamwandikia kwa rangi nyekundu: muda umekwisha. Nikamwambia, shem, umekuja kwenye mbio na kandambili. Akacheka! Huyu mtu ukimkejeli anacheka. Bora angenuna.

Baba Mapacha na Java yake sasa — jamani! Kwa Java, mpaka umalize kujitambulisha na kusalimia ukoo mzima, wenzako wako swali la pili.

Shemeji haki yake nimpe hapa, maana hapa hakuna anayesoma: swali la pili lilikuwa na namba kubwa za ajabu. Kwenye Python unaandika tu, namba inajaa itakavyo. Mimi niliiweka kwenye kisanduku kidogo, ikafurika, ikageuka hasi. Nusura niumbuke. Nikagundua mapema nikabadilisha, hakuna aliyeona. Kwa hiyo haikutokea.

Fasta, bosi wetu, alipita mlangoni akapiga makofi kidogo. "Dada yetu huyo! Mwisho wa matatizo!" Akaenda zake. Kila Jumamosi makofi yale yale. Kila Jumatatu kiti kile kile cha plastiki.

Jumatatu, 9 Juni

Haya. Leo kuna jambo.

Fasta ametuita wote. (Hilo jina tumempa sisi, analijua na analipenda. Kila kitu kwake fasta, fasta.) Idara ya magari ya wagonjwa ya mji inataka programu: simu ikiingia, mashine iseme gari lipi liende. Siku zote akina mama wa chumba cha simu wamekuwa wakichagua kwa kichwa tu. Sasa wakubwa wanataka ya kisasa.

Anataka mfano — demo, anavyosema yeye — ifikapo Ijumaa. Wawili watengeneze, kila mtu yake. Matroni, muuguzi mkuu wa magari, atachagua. Atakayechaguliwa ndiye mkuu wa kitengo kipya.

Mkuu wa kitengo! Nilihisi damu inanipanda masikioni. Hicho kiti ni changu. Ukuu ulipotokea hapa mara ya kwanza walimpa mtu wa nje. Alikaa mpaka akajua choo kiko wapi, akaondoka. Mara ya pili Fasta akaniambia "bado kidogo, dada". Bado kidogo ya nini? Nimezeekea hapa. Nusu ya ofisi imejifunzia mikononi mwangu, na Shemeji akiwemo. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Fasta alipomuoa mdogo wangu na hana kazi. Nikamwombea, nikamfundisha, nikamkalisha kando yangu.

Fasta akatazama huku na huku, akaninyooshea kidole mimi. Kisha — Shemeji.

Akaniinamia, ati: "Shem, mimi nasindikiza tu." Nikamwambia usijali, karibu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumatano, 11 Juni

Natengeneza msingi. Barabara zote za mji, zipi za kwenda tu, zipi mbovu, taa ziko wapi. Mji una mto katikati na daraja moja — hilo ndilo jambo lenyewe! Gari likiwa ukingo huu na mgonjwa ng'ambo, wanaonana lakini hawafikiani mpaka uzunguke darajani. Kwa hiyo mashine lazima ijue barabara. C++, safi, inajibu kabla hujapepesa. Sina kioo cha kuonyesha bado. Kioo ni urembo.

Shemeji kioo anacho tayari! Ramani yenye rangi, vitone vinatembea. Siku mbili tu! Nilipita nyuma yake kama naenda kuchukua maji. Ameokota vipande vilivyotengenezwa na wengine, akavishona na Python, basi. Kama mtu aliyeazima viti vya jirani, meza ya jirani, mapazia ya jirani, kisha anakaribisha wageni kwake.

Nikaenda kuchungulia kazi yake kabatini. Kabati tunaita ile sehemu ya seva ambako kazi za wote hukaa. Si wizi, kila mtu anaruhusiwa. Nilitaka kucheka kidogo tu.

Nikakuta mstari. Sehemu ya kupima gari lipi liko karibu. Ameweka umbali wa kunyoosha rula! Kutoka gari mpaka mgonjwa, moja kwa moja, juu ya nyumba, juu ya mto. Mashine yake inadhani gari la wagonjwa lina mabawa. Na juu ya mstari ameandika maneno yake mwenyewe: "Ya muda tu. Nitabadilisha."

Sote tunaandika hivyo. Unapokimbizana na siku unaziba tundu kwa chochote, unaandika ya muda tu, unasonga mbele. Lakini yeye magari yote ya mfano ameyaweka ukingo huu wa mto. Kwa hiyo tundu halionekani.

Nimeona. Sisemi. Matroni si mjinga, ameendesha magari hayo miaka. Ataweka mgonjwa ng'ambo, na hapo ndipo watu watajua nani fundi na nani mpambaji.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeshindwa.

Nimeshindwa na kitone chekundu!

Nilianza mimi. Dirisha jeusi, maandishi meupe. Nikaandika mahali pa mgonjwa. Mashine ikajibu gari namba nne, pitia hapa, kata kule, vuka daraja. Sahihi kabisa. Ningeipa maelfu ya simu ingejibu. Matroni akavaa miwani akauliza, "Ramani iko wapi?" Nikasema ramani iko ndani. "Ndani ya wapi, mwanangu?" Watu wakaangua kicheko. Baba Mapacha mpaka akafuta machozi, na yeye ndiye wa Java!

Kisha Shemeji. Matroni akagusa kioo kwa kidole, gari likaondoka likiwaka taa. Akagusa tena. Mtu mzima yule, na sare yake, anacheza! Akasema kitufe ni kidogo, macho yake hayaoni vizuri. Shemeji akasema subiri, mama. Akaandika kitu, kitufe kikawa kikubwa. Palepale, Matroni bado kakaa kitini! Hapo ndipo aliponimaliza. Mimi kubadilisha kitu kama hicho ningemwambia arudi wiki ijayo. Lazima niseme ukweli: kwa kazi ya namna hii lugha yake ilifaa, na yangu haikufaa. Nimeandika. Imeniuma kuandika.

Kwenye shindano hakimu ni mashine, haihongwi na rangi. Kwenye demo hakimu ana macho mawili na miwani.

Na mto? Nilingoja. Ulimi uliniwasha. Hakuna aliyegusa ng'ambo, hata mmoja. Matroni akasema "hii hapa", Fasta akamkumbatia Shemeji mpaka akamnyanyua. Na mimi nikapiga makofi. Tena niliyaanza mimi.

Jumapili, 15 Juni

Kwa Mama. Nyumba imejaa furaha utadhani kuna harusi. Mama ati, "Si wote wangu? Kiti kimeingia nyumbani." Kimeingia nyumbani! Mimi ndiye niliyekuwa nakisubiri mlangoni miaka yote hiyo.

Mdogo wangu akanifuata jikoni. "Dada, umenuna." Sijanuna. "Tangu utotoni unanuna hivyo hivyo, mdomo unatangulia mwili unafuata." Nikacheka kidogo, ananijua. Halafu akashika mkono wangu, akaniambia Shemeji usiku halali kwa wasiwasi, anasema kiti kilikuwa cha dada, watu watasemaje. Nikamwambia aache upuuzi. Roho ilinichoma.

Tulipokuwa tunanawa mikono bombani, Shemeji akasogea. Akasema kwa sauti ya chini, "Shem, ile kazi yako ya barabara ni bora kuliko yangu. Mimi bado nina vitu vingi vya muda mle. Tuunganishe? Yako iwe injini, yangu iwe kioo."

Nikamwambia C++ na Python hazikai sufuria moja.

Akaitikia kwa kichwa. Akaniamini! Akasema basi, shem, wewe ndiye unayejua.

Zinakaa. Watu wanaziunganisha kila siku, na jinsi ya kuziunganisha naijua. Nimekuwa nikimfundisha huyu mtu, hajawahi kunisikia nikimwambia jambo la kazi ambalo si kweli. Leo nimemwambia. Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika bure, hakuna aliyeyafunga.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda kwa Fasta. Nimemweleza: demo ni demo. Huwezi kumpandisha mgonjwa kwenye demo. Python ni ya kujaribia, ni ya kuchorea. Kazi ya kweli inataka lugha yenye mifupa. Nilitoa mifano, nilipiga meza, nilichora ubaoni.

Akanisikiliza! Akasema, "Dada, umesema kweli. Tutaiandika upya. Na wewe ndiye utakayeiandika, kwa lugha yako. Hakuna mwingine wa kuaminika hapa."

Huenda ni kilemba cha ukoka. Huyu bwana ni hodari wa kuvisha watu vilemba. Lakini nimekivaa, nimetoka nacho, na njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu. Nikiiandika upya mimi, programu ni yangu. Programu ikiwa yangu, kiti kitajileta.

Ule mstari sikuutaja. Wa nini? Kila kitu kinaandikwa upya, nao utakufa na mengine.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika. Siku nzima. Hakuna aliyenisemesha na sikumsemesha mtu. Barabara zinakubali, daraja linakubali. Raha tupu. Nilisahau kula.

Jumatano, 25 Juni

Hawaandiki upya!

Matroni amewaonyesha wakubwa wa mji, wakubwa wamependa vitone, wanataka kuja wenyewe Jumanne ijayo kuzindua. Fasta: "Sasa dada, nyumba imeshaezekwa, tuibomoe ya nini? Fasta, fasta, tuingie." Nikamkumbusha ahadi yake. Akasema ahadi iko pale pale — baadaye. Baadaye! Mimi na hilo neno tunajuana.

Nikalipuka. Mbele ya wote. Nikasema Python yenu haiwezi, simu zikizidi itajikokota, itachoka, itaua watu. Nikasema mengi. Baba Mapacha akasema taratibu kwamba mji wetu hauna simu za kuichosha. Shemeji hakubishana. Akaimwagia mashine yake simu za uongo, nyingi, zaidi ya zile ambazo mji unapiga mwezi mzima. Ikazimeza zote. Ikabaki inangoja nyingine.

Wote wananitazama. Na yale macho! Si ya hasira. Ya huruma, kama unavyomtazama shangazi anayegombana kwenye harusi.

Nilikuwa na jambo moja la kweli mdomoni. Moja. Nyanyua kidole tu, sema: weka mgonjwa ng'ambo ya mto. Wangeona wote. Halafu? Shemeji angepiga paji la uso, "ah, shem, asante!", angerekebisha kabla ya chakula cha mchana, na kitu kingekuwa chake, kizima, bila doa. Na asante ingenitosha mimi?

Nikasema, "Mtaona." Nikatoka.

Kwa hiyo napiga kelele kuhusu lugha, na lugha haina kosa. Najua. Ule mstari hata ungeandikwa kwa C++ ungekuwa mbaya vile vile, ungekosea kwa kasi zaidi tu. Lakini lugha ndiyo ugomvi wangu wa siku zote, na ugomvi uliouzoea unajisemea wenyewe.

Ijumaa, 27 Juni

Kichwa kinauma. Sikwenda kazini.

Jumapili, 29 Juni

Mdogo wangu amepiga simu. Mume wake haonekani nyumbani. Matroni anataka sauti ikilia gari likitoka, Fasta anataka nembo ya ofisi juu, wakubwa wanataka rangi ya mji. "Dada, mwambie apumzike, wewe anakusikiliza." Nikasema nitamwambia.

Nimefungua kabati nikiwa hapa nyumbani. Nimepitia kazi yote, mstari kwa mstari. Sauti ipo. Nembo ipo. Rangi ipo. Vitu vyake vingi vya muda ameviondoa, nampa hongera, anajitahidi. Vile vinavyoonekana.

Mstari upo. "Ya muda tu. Nitabadilisha." Ameupita.

Nilidhani ataukumbuka mwenyewe. Kweli kabisa nilidhani hivyo. Au nilitaka kudhani.

Jumatatu, 30 Juni

Siwezi kukaa. Kesho si demo. Kesho ni watu.

Asubuhi nimefungua kabati niurekebishe mwenyewe, kimya kimya, mambo yaishe. Limefungwa! Fasta ameagiza: mpaka uzinduzi upite, ufunguo anao Shemeji peke yake. Ni agizo la maana, mimi mwenyewe ningelitoa.

Nikampigia Fasta. Nikasema kuna tatizo kwenye programu. "Lugha tena, dada?" Nikasema si lugha safari hii. Akacheka, na kwa upole, ndiyo mbaya zaidi. "Dada yangu, tunakuheshimu. Pumzika. Kesho njoo utazame, nitakuwekea kiti." Akakata. Nani wa kumlaumu? Nimeimba wimbo huo mmoja mpaka wamejifunza kuziba masikio.

Shemeji, simu inatumika. Tena, inatumika. Nikamwandikia ujumbe: shem, angalia mstari wa umbali. Nikausoma. Mtu akiupata ujumbe huo atauliza nini? Atauliza nimeuonaje, na lini. Nikaufuta. Nitamwambia kesho, uso kwa uso, kabla hawajawasha. Nitaongea kama mtu aliyegundua njiani.

Halafu nikafanya lile nililosema halifanyiki. Nimechukua injini yangu ya barabara, nikaiunganisha na Python ya kwake, ile nakala niliyoichukua kabatini jana. Imekubali mara ya kwanza. Sufuria moja, moto mmoja. Nimemweka mgonjwa ng'ambo, mashine ikachagua gari la ng'ambo, kitone kikatoka vizuri na sauti yake. Ni nzuri. Mungu wangu, ni nzuri sana. Ndiyo programu ambayo tungekuwa nayo tangu ile Jumapili bombani.

Iko kwenye laptopu. Kuibandika ni dakika tu. Jua bado halijazama na nimeshamaliza.

Jumanne, 1 Julai

Chumba cha simu. Nimekaa kwenye kona, kwenye kiti alichoniwekea Fasta, daftari magotini. Kila mtu anadhani naandika mambo ya kazi.

Nilifika mapema. Si mapema ya kutosha — walishawasha! Fasta alitaka wageni waikute inatembea. Fasta, fasta!

Shemeji ana shati jipya, limenyooshwa vizuri, ile pasi ya mdogo wangu naijua. Nikamwambia, shem, njoo nje mara moja. "Nakuja, shem, wageni hao wanaingia." Hakuja. Nikasogea tena. Akanishika bega, "Asante kwa kuja. Kweli, asante." Nikarudi kwenye kona.

Matroni amewaambia akina mama wa simu: leo mashine ikisema, msibishane nayo, ndiyo jaribio lenyewe. Wameitikia.

Simu ya kwanza, ukingo huu. Kitone, sauti, gari limetoka. Wageni makofi. Ya pili, ukingo huu. Makofi. Nikaanza kuomba siku nzima iwe ukingo huu. Mtu na akili zangu, naomba ng'ambo wasiugue!

Ya tatu. Mama mmoja, analia. Mume wake, kifua, hapumui vizuri. Mtaa wa viwandani. Ng'ambo.

Mashine ikachagua namba saba. Namba saba iko ukingo huu, karibu na maji kabisa. Ng'ambo, jirani na viwanda, kuna namba mbili, imeegeshwa, imekaa tu. Mwanamke wa simu akageuka: "Matroni, mbona namba mbili ndiyo iko kule?" Matroni akamtazama Fasta. Fasta akawatazama wageni. Akasema, "Ifuateni mashine."

Nilisimama. Nilisema, "Hapana." Nadhani nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo, na wao wamezoea kunisikia nikisema hapana.

Kitone kilikwenda vizuri mpaka ukingoni. Hapo kikakata kushoto kufuata mto. Dereva kwenye redio: "Chumba, mmenitoa mimi kwa nini? Mgonjwa yuko upande wa pili, na daraja limejaa magari." Kila mtu alisikia. Matroni akamnyang'anya yule mwanamke redio. "Namba mbili, toka! Toka sasa hivi!" Miwani ilimdondoka, hakuiokota.

Shemeji hakupiga kelele. Alifungua programu, akaenda moja kwa moja kwenye ule mstari. Hakuutafuta. Akasoma maneno yake mwenyewe juu ya kioo, midomo ikitembea.

Nikampelekea laptopu. Nikaiweka mbele yake. Iko tayari, nikamwambia, bandika tu. Akabandika. Ikakubali. Fasta akashusha pumzi mpaka mabega yakaanguka: "Dada! Umetuokoa, dada!" Akawageukia wageni, kosa dogo limesharekebishwa, timu yetu ndivyo ilivyo.

Shemeji aliendelea kuangalia ile kazi. Barabara. Daraja. Injini yangu ndani ya Python yake. Aliisoma kama anavyosoma, polepole, kidole kwenye kioo. Kisha akasema bila kugeuka:

"Hizi mbili ulisema hazikai pamoja."

Nikajifanya naangalia ramani.

"Hii umeiandika lini, shem?"

Jana, nikasema.

"Na ule mstari. Uliuona lini?"

Wageni wakamwita. Akaenda. Nimerudi kwenye kona yangu. Neno ninalo: jana. Niliuona jana. Fupi, na hakuna wa kunipinga, na mdogo wangu atalipokea, na Mama atalipokea. Nimelirudia kimoyomoyo mpaka limelainika.

Yule mama bado yuko kwenye simu. Mwanamke wa simu anamwambia, "Gari linakuja, mama. Linakuja. Mshike mkono, zungumza naye." Mara ngapi sasa amesema linakuja. Namba mbili hawajasema wamefika.

Shemeji amerudi. Amevuta kiti, amekaa mbele yangu. Shati lile limelowa mgongoni. Anangoja jibu.

Redio imekoroma. Ni namba mbili. Matroni ameinua mkono, wote wamegeukia redio. Shemeji hajageuka. Ananitazama mimi, na mimi naandika, naandika tu, ili nisiinue uso